Kombe la Bibi na Kaseti ya Gemu

Nikishika kaseti ya gemu, zile za zamani zenye meno ya shaba, hunijia harufu ya zafarani.

Bibi alikuwa kitandani siku ya tatu, homa haishuki. Mama akanituma kwa mwalimu wa madrasa nikachukue kombe, zile aya zinazoandikwa sahanini kwa zafarani kisha huoshwa kwa maji ya kunywa mgonjwa. Mwalimu akanitilia katika chupa ya kijani. Kurudi, nikapitia kwa jirani pale mtaani Dunda, ambako watoto walikuwa wakipuliza kaseti iliyogoma. Mimi na ujuaji wangu, nikalowesha ncha ya ushungi kwa kombe, nikaifuta meno. Picha ikatokea safi! Wakanipa zamu ya kwanza.

Ndani ya gemu kulikuwa na shimo lililotuua sote. Leo najua siri yake: unaruka ukiwa umeshachelewa, mguu uko ukingoni. Siku ile nililivuka kwa bahati tu. Nilipogeuka kushangilia, chupa ilikuwa imelala mkekani, tupu.

Nikaijaza bombani. Nikaifunga kizibo, nikakimbia nyumbani.

Bibi aliinuliwa, akasema bismillahi, akanywa taratibu. Nimeganda mlangoni, namhesabia pumzi. Kisha akaninyooshea chupa.

"Njoo, mjukuu wangu. Nimekubakizia, nawe upate baraka."

Nikanywa. Maji hayakuwa na hata chembe ya harufu ya zafarani. Bibi alikuwa akinitazama usoni.