Kamera Yenye Flashi

Miaka ile bidhaa zilipoanza kujaa madukani, nilikwenda Kyela mjini kununua kamera ndogo, nimpige picha mdogo wangu kwenye fainali ya mpira. "Dada, chukua hii inayovuta karibu," mwenye duka alinisihi. Mimi mjuaji nikang'ang'ania yenye flashi; kwetu picha bila flashi haikuwa picha. Na mechi ilikuwa saa tisa alasiri, jua linachoma! Mdogo wangu akafunga bao kwenye goli la mbali, nami nikammulika kwa flashi yangu ya kijinga.

Alifariki kabla ya mavuno. Tulikuwa na picha hiyo tu, wachezaji wote wadogo kama punje za mchele. Mama aliweka kidole juu ya mmoja, akalia, "Mwanangu." Hakuwa yeye. Sijamwambia mpaka leo.