Mzunguko wa Maji wa Bedan Thuo

Bedan Thuo alikuwa karani wa stoo katika karakana moja ya Viwandani, na kwa kuwa alikuwa amekaa na mabomba miaka mingi, akiyapanga na kuyapangua, alijiona fundi. Hakuwa amewahi kuunganisha bomba hata moja. Lakini ukimtajia elbo, soketi au valvu, macho yalimng'aa, na alimpa mkono kila jirani mpya aliyehamia Buruburu, akisema yeye ni Injinia Thuo. Majirani, ambao hawakutaka ugomvi na mtu, wakamwita hivyo hivyo.

Ugonjwa wa samaki aliupata nyumbani kwa meneja wake, siku aliyotumwa kupeleka funguo. Sebuleni mle alikuta sanduku la vioo refu kupita kochi, maji yakibubujika ndani, na samaki wa rangi wakipita polepole kama watu wasio na kazi. Alirudi Buruburu akaiona sebule yake kama ghala la viazi. Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Binti yake Nduta alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Irungu, na wazee wa akina Irungu, watu wa Kiambu wenye kahawa na ng'ombe wa maziwa, walikuwa wanakuja kuzungumza mahari. Nduta alimpenda kijana huyo mpaka akawa anaimba akifua. Babake naye aliogopa jambo moja tu, wageni wasije wakagundua kwamba wamefika kwa karani.

"Wakifika hapa wataangalia nini?" alimuuliza mkewe, Wangu.

"Wataangalia msichana."

"Na wakishamwangalia?"

Alipotaja samaki, Wangu aliweka chini mwiko. Kwao alikolelewa, samaki alihesabiwa nyoka wa majini, na mtu aliyemla hakualikwa kwa watu.

"Baba Nduta, nyoka unamweka sebuleni?"

"Hawaliwi hawa, mama Nduta. Ni wa kuangaliwa."

Sanduku akatengenezewa na fundi wa vioo. Mabomba, hata hivyo, hakumwachia mtu. Alichora mpango wote kwa chaki kwenye sakafu ya sebule, na kwa wiki nzima familia ikawa inarukaruka mishale yake kila ikienda mezani. Maji yangeteremka kutoka tangi lililo darini, yaanguke kwenye pembe ya sanduku kama maporomoko, yapite kwa samaki, yatokee tundu la upande wa pili, yaingie pipa la mchanga na makaa huko nyuma yachujwe, kisha pampu iyarushe tena darini. Yazunguke hivyo mchana na usiku. Hakuna tone litakalopotea, alisema, akisimama katikati ya mchoro wake mikono kiunoni.

Nduta alifuata mishale kwa kidole cha mguu.

"Lakini baba, si hiyo tangi ya juu ndio inaleta maji jikoni?"

"Hapo ndipo penye akili! Siku hizi mfereji unakauka mchana kutwa. Sasa tutakuwa na akiba ya nyumba na akiba ya samaki, zote mahali pamoja. Tangi moja, kazi mbili."

"Na tutakunywa maji ya samaki?"

"Yanachujwa, Nduta. Hujaona pipa nimelichora wapi?"

Kwa kweli pipa lilichorwa vizuri sana.

Mambo yakaenda. Maji ya jikoni yakawa na harufu kidogo, lakini Thuo alisema ni upya wa mabomba, na Wangu, aliyechoka kubishana na mtu mwenye chaki mfukoni, akawa anayachemsha mara mbili. Samaki wakanawiri mpaka wakazaa. Sanduku likajaa vitoto vyembamba kama kope za jicho, na Thuo akatembea mtaa mzima akitangaza kwamba ameshapata wajukuu kabla ya arusi.

Asubuhi ya siku ya wakwe, maporomoko yalikauka. Mchanga wa pipa ulikuwa umeziba kwa uchafu wa samaki, na maji yakawa yanadondoka kama pua ya mtu mwenye mafua. Injinia wa kweli, au mtu yeyote mwenye ndoo na dakika chache, angeuosha mchanga ule. Thuo hakutaka kuchafua suti. Alilitoa pipa lote kwenye mzunguko, akaunganisha bomba la sanduku moja kwa moja na pampu, akawasha. Maporomoko yalinguruma vizuri kuliko siku zote, na yeye akapiga makofi peke yake. Jikoni, Wangu alikuwa anajaza birika.

Wageni waliingia wakiongozwa na mjomba wa Irungu, Mzee Kinyanjui, mtu wa maneno machache na kofia nzito. Thuo hakuwapa nafasi hata ya kusalimiana sawasawa. Aliwasimamisha mbele ya sanduku akawaeleza njia ya maji kwa mkono, darini, chini, nyuma, darini tena.

"Na yakishafika juu?" akauliza Kinyanjui.

"Yanarudi, mzee. Hayo hayo."

"Hayo hayo," akarudia mzee, akaketi.

Chai ililetwa. Mgeni wa shughuli kama ile hafungui mdomo kuhusu jambo lililomleta mpaka ale na anywe, na akikataa kunywa kwako, ujue amekataa na binti yako. Kinyanjui alikunywa funda moja. Akalishika mdomoni muda mrefu. Akalimeza kwa adabu, akaweka kikombe mezani, na wazee wenzake wakaviweka vyao kimoja kimoja.

"Mkwe," alisema, "chai hii ina samaki."

Thuo alijua palepale. Aliyaona maji yote akilini, kutoka kwenye mikia mpaka darini, kutoka darini mpaka kwenye birika, na pipa likiwa limekaa kando, kavu. Angeweza kusema. Ni neno moja tu, nimekosea, na wageni wangecheka na chai ingepikwa upya. Lakini kulisema ni kuuzika uinjinia hadharani, na Bedan Thuo akachagua la aibu kuliko hilo. Nalisema wazi, mtu huyu alistahili kofi.

"Mama Nduta!" akapaza sauti kuelekea jikoni. "Hizi sufuria uliziosha namna gani?"

Nduta, nyuma ya pazia, alianza kulia. Kuna watu pale sebuleni waliosikia, na Irungu alikuwa mmoja wao. Aliinuka nusu, akarudishwa kitini na mkono wa mjomba wake. Maji yalisikika yakifunguliwa jikoni, kisha Wangu akatokea na sinia, na juu ya sinia glasi moja iliyofunikwa kitambaa cha kusuka. Akaiweka mbele ya Kinyanjui na kukiondoa kitambaa. Ndani ya maji mlikuwa na kitoto cha samaki, kizima, mkia ukicheza.

"Wazee, sufuria zangu ni safi," alisema. "Mfereji wangu ndio unazaa."

Kinyanjui aliinua glasi kwenye mwanga. Akatazama kitoto, akatazama sanduku, kisha macho yake yakapanda na bomba mpaka darini na kuteremka mpaka mlango wa jikoni, taratibu, bila kuruka kona hata moja. Hakuna aliyecheka. Thuo alitamani wangecheka.

"Mkwe," mzee akasema, "tulikuja kuomba msichana. Sasa kabla hatujaendelea nina swali moja. Huyu msichana amefuata nani? Wewe, au mama yake?"

Wazee wote walimgeukia. Thuo aliangalia pazia. Kilio nyuma yake kilikuwa kimekatika, na akaelewa kwamba Nduta anasubiri vilevile.

"Mama yake," alisema kwa sauti ya chini.

Kinyanjui akatega sikio.

"Sema kwa nguvu. Maji yako yana kelele."

Thuo akasimama, suti yake safi kabisa.

"Amemfuata mama yake!" akapiga kelele, hata Norah Adoyo, jirani wa upande wa pili wa ukuta, akaacha kukaanga akasikiliza. "Akili yote ni ya mama yake! Kwangu hakuchukua kitu!"

"Basi hilo limekwisha," alisema Kinyanjui, akavua kofia. "Mama, tutafutie chai ya maji mengine, tuzungumze."

Wangu akaenda kuomba maji kwa Norah.