Katani ya Mfereji wa Uani

Mama alinifundisha kusuka vikapu tangu utotoni, vidole vyangu vikazoea kuzungusha uzi kuelekea kushoto. Nilipomfungia mfereji wa bomba uani kwetu Kibra, ili asiteke tena maji mtoni na mgongo wake mbovu, nikaizungusha katani ya kuziba maungio vivyo hivyo. Kukaza tu mfereji kuelekea kulia, katani ikafumuka yote na maji yakachuruzika. Niliutukana mfereji, nikawatukana na Wazungu walioutengeneza, nikafunga maji. Nikamwambia mama nitarudia kesho. Kesho hiyo ikawa majuma matatu, naye akibeba debe kila asubuhi.

Siku niliyoizungusha kulia, halikuvuja hata tone. Maji yake ya kwanza tulimwoshea mama, kabla ya sanda.