Amri Kumi na Tano

Bandarini Makiso walimwita Papa Kenze, yaani Papa Kumi na Tano. Jina lake hasa ni Hilaire, fundi wa mashine za mashua, na kila shida aliijibu kwa neno moja: "Article quinze!" Kifungu cha kumi na tano, sheria ambayo hakuna aliyewahi kuiona imeandikwa, lakini Zaire nzima iliijua: jitafutie mwenyewe. Mkanda wa mashine ukikatika, Hilaire alifunga kamba ya raba. Miaka ishirini na miwili mashua ziliteremka mtoni hadi Yanonge na Basoko kwa ujanja wa mikono ile.

Siku moja patron, mwenye mashua, akatangaza: Jumatatu kila fundi alete brevet, cheti cha shule ya ufundi. Asiye nacho, kazi basi. Na Hilaire shule hiyo hakuikanyaga hata mlangoni.

"Bon, article quinze," akasema, akaenda kwa Alphonse mshona viatu, ambaye alijua kuchonga muhuri wowote kwenye soli ya kandambili. Jumamosi cheti kikawa tayari, muhuri wa zambarau unang'aa.

Jumapili, baada ya misa, akamwonyesha mkewe Pélagie, aliyekuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, kando ya jiko la makaa. Mama akatazama, akacheka.

"Papa Hilaire, Mungu alimupa Musa amri ngapi?"

"Kumi."

"Na wewe uko na ngapi?"

Hilaire akapuliza vumbi kwenye muhuri.

"Kumi na tano! Hizi tano za juu, nani aliandika? Alphonse?"

"Mama, usicheke. Watoto watakula nini?"

"Siyui. Lakini leo umeimba Mungu ndiye mwamba wako. Kesho mwamba ni soli ya kandambili?"

Hilaire akakasirika, akainuka, akaketi tena. Neno lilikuwa limemchoma mahali pake. Akakumbuka sala zake zote za miaka ile. Hakuwahi kumwuliza Mungu lolote. Alimpelekea mpango uliokwisha, apige muhuri tu.

Akaitazama karatasi ile nzuri. Kisha akaisukuma makaani, chini ya sufuria. Pélagie akainama. Akapepea moto.

Jumatatu patron akanyoosha mkono. "Citoyen Kasongo, brevet?" Kazini aliitwa citoyen, yaani mwananchi, kwa jina la baba yake, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa.

"Sina, patron. Sikusoma."

"Hata ya uongo?" karani akadakia, na ofisi nzima ikacheka. "Wenzako wote wameleta!"

"Hata ya uongo."

Akafungasha spana zake kwenye gunia, akarudi nyumbani kwa miguu.

Hapo njaa ilikuja, tusidanganyane. Pélagie aliuza kwanga, mikate ya muhogo, na watoto walilala na sombe bila samaki. Alphonse alipita kusema bado kuna soli. Hilaire akamkaribisha maji, akamwambia hapana. Kila asubuhi alitandika gunia uani, akapanga spana, akasali kwanza: "Baba, leo sina mpango. Wewe uko nao." Kisha akangoja, mgongo umenyooka kama mtu aliye kazini.

Wiki ya tatu akaja mvuvi wa Yanonge, amebeba begani mashine ya pirogi, mtumbwi wake, jasho linamtiririka.

"Ni hapa kwa Papa Kenze?"

Pélagie akainua macho. Hilaire akachukua spana.

"Hapana, ndugu yangu. Hapa ni kwa Papa Kumi. Leta hiyo mashine."