Kaka Anasema Nimemliza Mama

Admin, ficha jina langu, lakini makali usiyapunguze. Nina miaka arobaini na nane, niko Newala. Niliacha kufundisha mama alipopigwa na kiharusi. Upande wake wa kulia umekufa, ulimi nao umelala, ila masikio yanasikia hata panya wa darini. Namwogesha, namgeuza, nafua matandiko yake kwa maji ya kununua. Ndugu zangu husema, "Mungu atakulipa." Wao wenyewe hawanipi hata asubuhi moja nilale.

Kilichonizuia nisiporomoke ni kundi la wasapu la watu wanaouguza wazazi na wenza wao. Humo tunasema yasiyosemeka: kwamba kuna siku unamchukia mtu uliyetoka kumlisha. Hakuna anayekuhubiria. Humo nilimpata mama mmoja wa Lisekese, anauguza mumewe. Ukoo wake na wetu ni watani, wale wanaozikana kwa matusi na vicheko. Akawa ananitumia sauti humo humo kundini, nami namsikilizisha mama wakati wa uji.

Mwezi uliopita kaka yangu alikuja kutoka Dar na katoni ya juisi. Akapiga picha na mama, akaandika mtandaoni "Malkia wangu", akatoka kwenda kula. Aliporudi akakuta simu inanguruma sauti ya yule mama wa Lisekese: "Mtani, hicho kibibi chako hakijafa tu? Sufuria la pilau nimelisugua mpaka naona meno yangu!"

Nikamjibu mtani, "Kimesema kitakuzika wewe kwanza, na pilau kitakula chenyewe."

Mama akacheka. Tangu augue, akicheka mdomo unapinda, machozi yanatoka, sauti inakuwa kama ya mbuzi aliyebanwa. Mimi naijua. Kaka angeijulia wapi? Akaninyang'anya simu.

"Umemliza mama! Unamwombea kifo huku anasikia!"

"Kaka, huo ni utani. Mama anacheka."

"Utani ni wa msibani. Huyu yu hai!"

Akampigia mjomba, na kwetu neno la mjomba juu ya dada yake halipingwi. Hukumu ikatoka: nijitoe kundini, nimwombe mama radhi mbele ya ukoo. La sivyo mama anapelekwa Dar, akauguzwe na binti wa kazi asiyejua hata ubavu gani unamuuma. Mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, mgonjwa huuguzwa kwa kunyamaza." Amemgeuza mgonjwa gani, mzee yule?

Kwa woga nikajitoa. Sasa mama akiletewa uji anafunga mdomo. Anaigusa simu kwa kidole chake kizima, ananitazama, anasubiri. Simu iko kimya.

Nikirudi kundini, wanamchukua. Nisiporudi, hataki kula. Ukoo unakaa Jumapili. Atakayeniandikia "vumilia" aje kwanza afue shuka. Ninyi mliowahi kuuguza, niambieni: nikisimama mbele ya mjomba, niseme nini?