Waraka Niliomchapia Baba

Leo asubuhi nimegonga mlango wa baba yangu mzazi. Akauliza kutoka ndani, "Umetumwa na nani?"

Siyo utani. Ngojeni niwape mkasa mzima, halafu mniambie mwenye makosa ni nani.

Baba ni fundi saa. Miaka arobaini anachokonoa saa za watu. Mwaka jana akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili, ikawa anatafuta skrubu kwa kupapasa meza. Daktari akasema ni upasuaji tu: watoe ule ukungu, waweke kioo kidogo ndani ya jicho.

Baba akagoma.

Aliyemjaza ni rafiki yake, Mzee Redio. Tunamwita hivyo kwa sababu hazimiki. Kila jioni yuko kwenye benchi la karakana ya baba na siri mpya ya serikali.

"Kile kioo ni kamera," alimwambia baba. "Unachokiona wewe, na wao wanakiona. Hasa siku ya kupiga kura."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. "Mzee wangu, serikali iliyoshindwa kuziba shimo hapo nje ndiyo ikae kuangalia baba anavyokoroga chai?"

"Cheka tu, binti. Ndivyo wanavyotaka."

Jamani, hawa watu hawashindiki! Ukileta ushahidi, umenunuliwa. Usipokuwa nao, wameuficha.

Sasa, mimi nina duka la kuchapa na kutoa kopi. Kazi hii imenifundisha jambo moja: karatasi safi watu wanaitilia shaka. Iliyofifia, yenye mstari mweusi pembeni, wanaiamini hata kabla ya kuisoma.

Nikaandika waraka. Juu nikaweka SIRI. Chini yake: hospitali zipunguze upasuaji wa macho kwa wazee, ili wasiweze kusoma karatasi za kura. Nikatoa kopi, kisha kopi ya kopi, mara tano, mpaka herufi zikawa za kubahatisha.

Nikampelekea baba karakana, na Mzee Redio ndiye aliyemsomea.

"Umeipata wapi?" baba akaniuliza.

"Kuna mteja kaisahau kwenye mashine."

Kesho yake baba alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya hospitali. "Hawanipofushi mimi!"

Jicho la kulia likafanyiwa. Siku bandeji ilipotolewa akanitazama usoni, akasema, "Kumbe na wewe umezeeka!" Nililia kwa furaha. Nikajiona mjanja kuliko wote.

La kushoto lilipangwa mwezi uliofuata. Tulipofika, daktari akampima, akasema presha iko juu mno, ameze dawa kwanza, turudi baada ya wiki tatu.

Baba akanigeukia. "Umeona? Waraka umeanza kazi."

Vidonge vya presha akavimwaga chooni. Si vimetoka kwa hao hao?

Hapo nikaogopa kweli. Nikamleta dukani, nikamfungulia waraka kwenye kompyuta, nikauchapa mbele yake. Akausoma mwenyewe, kwa jicho lake jipya.

"Hii ni safi mno," akasema. "Ile ya kweli ilikuwa imechakaa."

"Baba, niliichakaza mimi!"

Akaiweka karatasi mezani. Kisha akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "Mwanangu, walikufuata lini? Wamewatishia watoto wako?"

Tangu siku hiyo nikiingia karakana wanabadilisha mazungumzo. Dawa hagusi, presha haishuki, na daktari hawezi kuligusa jicho la kushoto ambalo sasa limekaribia kupofuka kabisa. Lile la kulia linaona vizuri sana. Ananikagua nalo kuanzia miguuni mpaka mikononi.

Nawaambia wenye wazazi wa namna hii: bishaneni, nunianeni, hata mlie mbele yao. Ila msiwadanganye eti kwa faida yao. Uongo wa Mzee Redio ningeweza kuucheka hadi leo. Wangu siuwezi.

Kila nikimwambia baba kwamba waraka ule ni wa kutunga, ananijibu hivi: "Karatasi ile nilipewa na binti yangu, kabla hawajamnunua."