Mzee Aliyebakiwa na Neno Moja

Neno la kwanza la Kiingereza nililolijua lilikuwa limeandikwa kwenye kizibao cha mfanyakazi wa shirika, kambini Kigoma. Lilikuwa mgongoni, kwa herufi kubwa nyeupe. Nikamuuliza mkalimani wetu maana yake, akasema, "Haki. Wanatuletea haki." Mimi shule niliacha darasa la tatu, na walioniachisha ninawajua: ni majirani zetu wa mlima uleule, walioichoma huku wanaimba. Basi nikaliweka neno lile kichwani kama nilivyopewa. Right ni haki. Nikadhani nimelimaliza.

Nilipofika Sydney nikalikuta linafanya vibarua kila mahali. Dukani Doonside, mtaani kwetu, msichana wa kaunta aliniambia, "You right?" nikabaki nimesimama na maziwa yangu mkononi, nafikiri anataka nimweleze haki zangu. Kumbe anauliza kama nahitaji msaada. Dereva akiambiwa akate kulia, ni right. Mtoto akipata hesabu, ni right. Fundi akishamaliza kukuharibia bomba, anakupigapiga begani anasema itakuwa right, yaani usijali. Binti yangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, alifungua kamusi kwenye simu akawa anasukuma kwa kidole, anasukuma, maana hazifiki mwisho. Nilitazama kama mtu aliyeonyeshwa sufuria ndogo iliyopika harusi nzima.

Lakini nilikuwa sijaona kitu bado.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko St Marys: kuogesha, kulisha, kugeuza watu kitandani. Mwaka juzi tuliletewa mzee mmoja, zamani dereva wa malori. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande wa kulia, mkono na mguu, na maneno yote yamemtoka isipokuwa moja tu. Hilohilo. Ukimuuliza kama anataka chai, right. Ukimuuliza kama hataki, right. Ukimuuliza jina lake, right.

"Huyo ni redio ya stesheni moja, mathe," aliniambia nesi wetu Mkenya. "Usijichoshe. Weka volume chini uendelee na job."

"Redio gani inakukazia macho ikikuambia?"

"Haya basi, kaa usikilize taarifa ya habari."

Nikakaa. Sikukaa kwa ujanja, ni mazoea tu. Hapa watu husalimiana kwa jumla: wanakuuliza hali, na mguu umeshavuka mlango. Kwetu salamu ni rejareja. Unauliza usingizi, unangoja. Unauliza mkono, unangoja. Unauliza mguu, chakula, mke, watoto, nyumba, na kila kimoja unakipa nafasi kijibiwe, maana usipongoja umemtukana mtu. Kila asubuhi nilimsalimia hivyo kwa Kiingereza changu kibovu nikimkanda mkono wake uliolala, na kila asubuhi akanijibu neno lake moja mara saba au nane.

Ilinichukua kama mwezi kusikia kwamba hayakuwa sawa. Lile la hapana lilikuwa fupi, kama komeo likipigwa. La ndiyo lilishuka na kutua. Likivutwa likapanda juu, anamuulizia mkewe. Mawili ya harakaharaka, kimbia naye chooni. Lilipopita puani, chai imepoa. Na kulikuwa na jingine la taratibu sana, karibu halina sauti, alilolitoa pale ndege weupe wenye vishungi walipojaa kwenye nyaya nje ya dirisha lake. Mimi mwenye Kiswahili, Kirundi na vipande vya Kifaransa sijawahi kusema kitu kizuri kama lile. Nilikuwa nasimama na beseni langu nywele zimenisimama.

Sasa, kiongozi wetu wa zamu alimwandika kwamba haelewi chochote, ahamishiwe nyumba nyingine kule Ingleburn, ya waliopotewa na akili, yenye mlango wa kufungwa kwa namba. Mke wa yule mzee anaishi nyuma ya stesheni ya St Marys. Alikuwa anakuja kila siku saa nne, anasukuma kigari chake cha kushikilia. Ingleburn ni treni juu ya treni, na kwa magoti yale angemwona mumewe labda Krismasi.

Siku ya kupimwa akili yake alikuja mtathmini, bwana mmoja wa makamo. Mke amekaa, kiongozi wa zamu amesimama na tableti yake. Mimi natandika kitanda cha pili na sina ruhusa ya kusema. Maswali yakaenda mbio. Hapa ni hospitali? Right. Hapa ni kwako? Right. Huu ni mwezi wa kwanza? Right.

"Unaona," kiongozi wa zamu akasema. "Anakubali kila kitu."

Mke akaanza kulia kimyakimya.

Mimi hapo nikamkumbuka yule mkalimani. Siku ya usaili wetu wa kutolewa kambini tuletwe ng'ambo nilieleza, sijui saa nzima, jinsi mume wangu alivyochukuliwa. Nilipomaliza akamgeukia mzungu aliyekuwa anatusaili akasema, "Yes." Basi. Nilijua hata kwa Kiingereza changu kile cha neno moja kwamba mambo yangu hayaenei humo. Faili letu likarudi chini, tukakaa miaka sita zaidi. Yeye ndiye aliyenila ile miaka, na mpaka leo sijamsamehe.

Nikaachia shuka. "Samahani, bwana. Amekataa mara mbili. Wewe unauliza hungoji."

"Rudi kwenye kazi yako," kiongozi wa zamu akaniambia.

Lakini mtathmini alikuwa ameshaweka kalamu chini. "Wewe unamwelewa?"

"Ninamsikia."

"Basi geuka uangalie dirishani. Mimi nitauliza, wewe utaniambia amejibu nini."

Nikageuka. Mikono nikaifunga ndani ya aproni.

"Uliwahi kuwa mwoka mikate?" Akangoja safari hii.

"Right."

"Hapana," nikasema.

"Ulikuwa dereva wa malori?"

"Right."

"Ndiyo. Tena anajivuna."

"Huyu mama ni dada yako?"

"Right."

"Hapana, na umemchekesha."

Mtathmini akasogeza kiti. Nikasikia anamuuliza polepole, "Unajua kwa nini tumekuja leo?" Akangoja tena. Halafu neno likatoka tumboni kwa mzee, zito.

"Hilo ninalijua," nikasema, "ila siwezi kulitamka mbele ya kiongozi wangu."

Mkewe akacheka huku machozi yanamtiririka. "Tusi lake hilo amelisema sawasawa," akasema.

Mzee hakwenda Ingleburn. Mtathmini aliandika kwamba akili yake ni nzima na kwamba aulizwe moja moja, angojwe. Karatasi hiyo iko ukutani juu ya kitanda chake, na yule nesi Mkenya siku hizi ndiye anayewafundisha wageni stesheni zote za ile redio.

Mimi nililipishwa. Wiki iliyofuata rosta ilinitupa chumba cha kufulia, nikaambiwa ni mzunguko wa kawaida. Si mzunguko. Ni yule kiongozi wa zamu mwenye funguo shingoni na kikombe cha pinki. Akisomewa haya atajijua.

Miezi miwili sikumwona mzee. Halafu asubuhi moja nikapita mlangoni kwake nasukuma toroli la mashuka, akaniita. "Right?" Nikamwambia mimi mzima, nikataka kupita. Hakuniachia. Akautazama mkono wangu. "Right?" Akangoja. Akashusha macho miguuni kwangu, akauliza tena, kwa sauti nyingine. Akainua kidevu kuelekea stesheni, upande ninaotokea, ambako kuna nyumba na binti, akauliza. Akangoja.

Tangu nishuke kwenye ndege nchi hii, sikuwahi kusalimiwa rejareja.

Niliegemeza toroli ukutani. Nikamjibu kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilikuwa kimenikimbia. "Mkono unauma kidogo, baba, haya mashuka ya maji ni mazito. Miguu mizima. Nyumbani wazima, binti ana mitihani." Alisikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akatoa lile la kushuka na kutua, akanyanyua vidole vya mkono wake mzima kidogo juu ya blanketi, niende kazini.